Jaketi Okozi la Mvuvi: Kulinunua, Kulijaribu na Kulivaa Kazini

Somo hili linawahusu wanunuzi wa aina tatu: mwenye chombo anayewanunulia vifaa mabaharia wake, mvuvi anayejinunulia mwenyewe, na jamaa wa mvuvi, mara nyingi mke au mzazi, anayetoa fedha ya nyumbani ili mtu wake arudi salama. Wote watatu hufika mbele ya muuzaji yule yule, huonyeshwa bidhaa zile zile za rangi ya chungwa, na hukabiliwa na swali moja: lipi kati ya haya litamweka mtu juu ya maji atakapoanguka usiku, mbali na pwani?

Tuanze na jambo ambalo wauzaji hawalizungumzi. Mwaka 2018, watafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini (NIOSH) walichapisha uchunguzi juu ya wavuvi wa biashara waliofariki baada ya kuanguka baharini kutoka vyomboni mwao kati ya mwaka 2000 na 2016. Walikuwa watu 204. Katika hao 204, hakuna hata mmoja aliyekuwa amevaa jaketi okozi. Karibu sita katika kila kumi hawakuonwa na mtu wakati wa kuanguka. Wenzao waligundua baadaye kwamba mtu hayupo.

Bahari ya wenzetu hao ni ya baridi na vyombo vyao si kama vyetu. Hata hivyo, sheria yao hukitaka kila chombo cha uvuvi kiwe na jaketi kwa kila mtu aliyemo, na bado hakuna aliyekutwa amelivaa. Kuwa na jaketi chomboni ni jambo moja, na kuwa nalo mwilini ni jambo jingine. Mnunuzi anayelisahau hilo anaweza kutumia fedha nyingi akapata mzigo wa kuweka chini ya ubao wa mbele.

Kwa upande wetu, Bahari ya Hindi imetupa nafasi ambayo wavuvi wa kaskazini hawana. Maji ya pwani yetu ni ya vuguvugu, kwa kawaida kati ya nyuzi 25 na 29 za sentigredi. Anayeanguka hapa hauawi na baridi kwa dakika chache. Huuawa na uchovu: huogelea, hupiga kelele, humeza maji, huchoka, huzama. Jaketi humwondolea kazi ya kuelea, na hivyo humpa saa nyingi za kutafutwa. Saa hizo ndizo anazonunua mtu anapolipia kifaa hiki.

Mtu huanguka wakati gani

Tuchukue mfano wa mashua ya dagaa yenye watu kumi na wawili. Imetoka jioni, katika siku za giza ambapo mwezi hauonekani, kwa kuwa ndipo taa huvuta samaki vizuri. Bahari imetulia. Hakuna mtu anayefikiria hatari.

Usiku huo, hata hivyo, nafasi za kuanguka ni nyingi. Wavu unapovutwa, watu huinama ukingoni huku miguu imesimama juu ya ubao wenye maji na magamba. Kamba inayoshuka na wavu inaweza kumnasa mtu mguu na kumchukua nao. Katika chombo cha tanga, foromali hupita kichwani pale tanga linapogeuzwa. Anayehama kutoka mtumbwini kwenda mashuani huweka mguu mmoja huku na mwingine kule, na wimbi dogo huvitenganisha vyombo. Macho yaliyozoea mwanga wa taa nayo hayaoni kilicho nje ya duara la mwanga. Mtu akiwa hatua kumi kutoka chomboni tayari amekwisha kupotea machoni.

Lipo jingine ambalo watu huona haya kulitaja, nasi tunalitaja kwa makusudi. Mtu huenda tezini peke yake kujisaidia, husimama ukingoni, mkono mmoja ukiwa na kazi, mgongo ukiwaelekea wenzake. Ndoo ya kujisaidia ndani ya chombo si aibu. Asiyeitaka ndoo apige goti badala ya kusimama, na amwambie mwenzake mmoja, “Naenda nyuma.”

Hakuna hata tukio moja kati ya hayo linalotoa taarifa mapema. Dhoruba humpa mtu muda wa kulitafuta jaketi, japo hata hapo kulifunga gizani katika chombo kinachoyumba ni kazi ngumu. Kuteleza hakumpi muda wowote. Kwa hiyo, sifa ya kwanza ya jaketi la mvuvi ni kwamba aweze kuvuta wavu akiwa amelivaa. Sifa nyingine zote, hata zile zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kifungashio, zinafuata baada ya hiyo.

Maana ya herufi N

Jaketi lililotengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 12402 huwa na namba inayofuatwa na herufi N, yaani nyutoni, ambacho ni kipimo cha nguvu ya kuelea. Nyutoni 10 ni sawa na kuubeba uzito wa takriban kilo moja. Usishangae kwamba namba hizo ni ndogo ukilinganisha na uzito wa mtu. Mwili wa binadamu huelea wenyewe kwa sehemu kubwa; mtu mzima huhitaji msaada wa kilo tatu hadi tano hivi ili kichwa kibaki juu.

Namba utakazokutana nazo ni nne. Jaketi la 50N ni la anayejua kuogelea na mwenye msaada karibu. Halimgeuzi mtu aliyezimia. Akianguka kifudifudi atabaki kifudifudi. Jaketi la 100N ni la maji yaliyotulia. Lile la 150N limekusudiwa bahari ya wazi, na lile la 275N ni la kazi za mbali na mavazi mazito, ambazo wavuvi wetu wengi hawana. Namba hizo ni za jaketi la mtu mzima mwenye uzito unaozidi kilo 70. Jaketi la mtu mdogo huwa na nguvu pungufu, na hilo si kosa la mtengenezaji.

Unaweza pia kuliona neno SOLAS. Hilo ni la majaketi yaliyotengenezwa kwa masharti ya mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, na ndiyo unayoyaona yamepangwa katika meli za abiria. Ni majaketi mazuri sana kwa mtu anayeacha meli inayozama. Kwa mtu anayevuta wavu saa sita mfululizo ni makubwa na yanabana shingo, na kwa sababu hiyo huvuliwa mapema.

Mawazo yetu ni haya. Kwa wanaovua usiku mbali na pwani, 100N iwe kiwango cha chini, na 150N ni bora ikiwa fedha ipo na watu wanakubali kulivaa. Hata hivyo, mabaharia wakikataa kabisa kufanya kazi na jaketi nene, mnunulie kila mmoja la 50N atakalolivaa usiku kucha, na yale manene yabaki chomboni kwa ajili ya dhoruba. Wapo wataalamu watakaotulaumu kwa kauli hiyo. Sisi tunaona kwamba 50N iliyofungwa kifuani inamfaa mvuvi kuliko 150N iliyofungwa kwa kamba chini ya madumu ya petroli.

Povu na sponji

Nguvu ya kuelea hutoka katika kilichomo ndani ya kitambaa. Jaketi halisi hujazwa povu lenye vishimo vidogo vilivyozibwa, kila kimoja kikiwa na hewa yake, hivyo maji hayana njia ya kuingia. Jaketi bandia linaweza kujazwa sponji ya godoro au povu la kufungashia vyombo vya umeme. Likiwa kavu, linaelea. Likikaa majini linanyonya, na baada ya muda linakuwa mzigo unaomvuta aliyelivaa kwenda chini.

Hatusemi hivyo kwa kukisia. Mwezi Januari 2016, katika mji wa Izmir nchini Uturuki, polisi walivamia karakana moja na kukamata majaketi bandia zaidi ya 1,200 yaliyokuwa yakitengenezwa kwa ajili ya wakimbizi waliokuwa wakivuka kwenda Ugiriki. Ndani yake mlikuwa na vitu vya kufungashia vinavyonyonya maji. Kwa nje yalikuwa na rangi, mikanda na maandishi ya jaketi la kweli. Maandishi ni rahisi kuchapisha, na ndiyo maana tunamshauri mnunuzi asome lebo kisha ajaribu kwa mikono yake.

Majaribio ya dukani na ya ufukweni

Dukani, libonyeze jaketi kwa vidole viwili kwa nguvu. Sponji hulala bapa kabisa, vidole vikakaribia kukutana. Povu halisi hukataa na kurudi. Vuta kila mkanda kwa nguvu zako zote na ufunge na kufungua kila kifungo mara kadhaa. Tazama mshono: uwe wa nyuzi mbili na usiwe na mahali palipoachwa wazi. Filimbi iwepo na iwe imefungwa kwa kamba. Mabegani kuwe na vipande vinavyong'aa vinapomulikwa; simama mahali penye giza na uvimulike kwa tochi ya simu. Kisha livae, funga mikanda yote, na mtu akuvute juu kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwako, na majini litafanya vivyo hivyo. Jaketi lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu halipandi.

Jaribio la ufukweni ndilo linalotoa hukumu. Chukua chuma, kwa mfano nanga ndogo au vipande vya chuma vilivyofungwa pamoja, chenye uzito wa kilo 5 kwa jaketi la 50N, kilo 10 kwa la 100N, au kilo 15 kwa la 150N. Kifunge kwenye jaketi na uliweke majini. Jaketi la ukubwa wa mtu mzima lenye nguvu iliyoandikwa litakibeba chuma hicho bila kuzama. Usitumie mchanga wala mawe, kwa kuwa uzito wake hupungua mno ndani ya maji na jaribio likakudanganya.

Baada ya hapo, liache jaketi limezamishwa katika pipa la maji kwa muda wa saa 24, likiwa limekandamizwa ili lisielee, kisha urudie jaribio kwa chuma kile kile. Kipimo cha saa 24 hatukukibuni sisi. Masharti ya kimataifa ya majaketi ya SOLAS yanataka nguvu ya kuelea isipungue kwa zaidi ya asilimia 5 baada ya kuzamishwa kwa muda huo katika maji baridi yasiyo na chumvi. Jaketi la sponji litaanguka hapo hapo. Anayenunua majaketi kumi na mawili alipime moja kabla ya kuyalipia yaliyobaki, na muuzaji anayekataa sharti hilo amekwisha kukujibu.

Mwisho, mvuvi mwenyewe aingie majini hadi kifuani, akiwa na mtu kando yake, anyanyue miguu na atulie bila kuogelea. Mdomo uwe juu ya maji pasipo yeye kufanya juhudi. Ni afadhali mtu agundue ufukweni kwamba jaketi lake linamlaza kifudifudi.

Kuhusu yale yanayojazwa gesi

Yapo majaketi membamba kama mkanda wa begani, yenye chupa ndogo ya gesi inayoyajaza mtu anapoanguka au anapovuta kamba. Ni mepesi, hayana joto, na wavuvi wa nchi nyingine huyapenda. Lakini chupa ikitumika mara moja hubadilishwa, kifaa cha kuifungua kina tarehe ya mwisho wa matumizi, chumvi hula chuma chake, na ndoano au mwiba wa samaki unaweza kutoboa mfuko wake. Kabla ya kununua, muulize muuzaji kama anazo chupa na vifaa vya kubadilisha, na bei yake. Asipokuwa navyo, nunua la povu.

Kuwazoesha watu kulivaa

Watafiti hao wa NIOSH waliwahi kuwapa takriban wavuvi 200 wa Alaska majaketi ya aina sita ili wayavae kazini kwa siku 30. Hakukuwa na jaketi moja lililowapendeza wote; wavuvi wa zana tofauti walipendelea majaketi tofauti. Huo ni ushauri wa biashara kwa mwenye chombo. Usinunue majaketi kumi na mawili ya aina moja kwa kuwa muuzaji amekupunguzia bei. Nunua mawili au matatu ya aina mbalimbali, wape mabaharia wayapokezane kwa wiki moja, kisha wasikilize. Mvuta wavu hulalamikia vifungo vinavyonasa kwenye matundu. Mshika usukani hulalamikia joto. Mpiga mbizi ana lake. Nahodha naye akilivaa, vijana watavaa. Asipolivaa, hakuna maneno yatakayowashawishi.

Jaketi si mto wa kulalia, wala si la kuwekwa kati ya vyombo viwili vinavyogongana. Kukandamizwa na petroli huliharibu povu, na jua huchosha kitambaa. Lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, likaushwe kivulini, na jaribio la chuma lirudiwe kila mwaka kabla ya kusi kuanza.

Vitu vya bei ndogo

Injini nyingi za nje huuzwa zikiwa na kamba ya kuzimia, ambayo mshika usukani huifunga mkononi au kwenye jaketi. Akianguka, injini huzima na chombo hakimwachi wala hakimgeukii na panga zake. Katika vyombo vingi kamba hiyo imepotea na mahali pake pamewekwa kipande cha waya. Kamba mpya ni ya bei ndogo mno ikilinganishwa na injini yenyewe. Unaponunua injini iliyotumika, iulizie kabla hujakubaliana bei.

Dumu tupu la lita 20 lililozibwa barabara hubeba takriban kilo 20 juu ya maji. Lifunge kamba ndefu na uliweke tezini, tayari kutupwa. Tochi ndogo isiyoingia maji ifungwe kwenye kila jaketi. Simu iwekwe katika mfuko wa plastiki unaozibwa, ingawa mtandao hukatika mnapokwenda mbali; wanaokwenda huko watafute redio ya VHF, ambayo chaneli yake ya 16 ni ya dharura duniani kote. Na pwani abaki mtu mmoja mwenye majina ya wote waliotoka, sehemu walikoelekea, na saa ambayo wasiporudi atoe taarifa. Karatasi hiyo haina gharama yoyote, na bila hiyo watafutaji hawajui wanamtafuta nani wala wapi.

Nani alipe, na nani aamue

Kwa desturi ya mgao, petroli, barafu na chakula huondolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa. Baadhi ya wenye vyombo huliweka jaketi katika hesabu hiyo, na wengine humwambia kila mtu aje na lake. Sisi tunaliona jaketi kuwa kifaa cha chombo, kama nanga na usukani vilivyo. Mkataba Na. 188 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kazi ya uvuvi, uliopitishwa mwaka 2007 na kuanza kutumika tarehe 16 Novemba 2017, humpa mwenye chombo jukumu la jumla la kuhakikisha kwamba nahodha anapata nyenzo zinazotakiwa. Mkataba huo huo unasema kwamba mwenye chombo hatamzuia nahodha kufanya uamuzi ambao, kwa utaalamu wake, ni wa lazima kwa usalama wa chombo na watu.

Kifungu hicho kina uzito siku ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imetoa angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili. Mwenye chombo anadaiwa, petroli imekwisha kununuliwa, na nahodha anasema, “Leo hatutoki.” Jambo hilo lizungumzwe kabla ya msimu, mbele ya mabaharia wote, na ikibidi liandikwe: neno la nahodha juu ya hali ya bahari ni la mwisho, na aliyebaki pwani kwa neno hilo hakatwi mgao wa safari inayofuata. Jaketi zuri lisiwe hoja ya kumlazimisha mtu kutoka katika bahari ambayo asingetoka bila hilo.

Ukiuziwa kibovu

Dai risiti yenye jina la duka, tarehe, idadi ya majaketi na nguvu yake kwa nyutoni. Neno “jaketi” peke yake kwenye risiti halitakusaidia. Jaketi likishindwa katika jaribio, usilichane ili kuonyesha kilichomo ndani, kwa kuwa muuzaji atasema umeliharibu wewe. Lipige picha likiwa limezama na chuma chake, lirudishe likiwa zima, na udai fedha yako. Akikataa, peleka jaketi, picha na risiti kwa Tume ya Ushindani (FCC) ikiwa unaamini ni bidhaa bandia, au Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ikiwa ni hafifu. Wakaguzi wa vyombo, yaani TASAC kwa Tanzania Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, nao waarifiwe, kwa sababu majaketi ya shehena hiyo yanaweza kuwa tayari yamo katika vyombo vingine. Wajulishe pia wenzako wa bandari yako siku hiyo hiyo, kabla hawajaondoka jioni.